Klarineti na Jamaa Zake: Kwa Nini Isiitwe Zumari

Waalimu wenzangu, katika shule zetu na katika bendi zetu limezoewa neno moja, yaani zumari, kwa kila chombo chenye vitundu ambacho mtu hukitia kinywani na kukipuliza, kisipokuwa filimbi. Klarineti huitwa zumari. Oboi huitwa zumari. Hata saksafoni, ambayo bomba lake ni la shaba, nimesikia ikiitwa zumari ya shaba. Kwa mtu apitaye njiani akisikiliza tu, jambo hili si kosa kubwa. Lakini kwa mwalimu anayewafundisha vijana kupiga ni kosa lenye hasara, kwa kuwa vyombo hivyo havitii sheria moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaadhibu vijana wawili wasio na hatia kwa sababu ya kutojua tofauti hizi, na habari hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza na tuyatazame majina, kisha vyombo vyenyewe.

I. Neno zumari

Zumari ya pwani yetu, ambayo wengine huitamka nzumari, inajulikana tangu Lamu hata Mombasa, Pemba na Unguja. Hupigwa katika ngoma na katika arusi, pamoja na vigoma na upatu. Ukiitazama utaona bomba la mti, jembamba juu na pana chini, na mahali pa kupulizia pana vipande viwili vya jani kavu vilivyofungwa pamoja. Mpigaji huvitia kinywani vipande hivyo viwili, navyo hugongana upesi sana pumzi ipitapo katikati yao. Chombo cha namna hii Wazungu wanacho pia, nacho ni oboi. Na Waajemi wanacho, huitwa surnai. Wote hao ni jamaa moja.

Ama neno lenyewe ni la Kiarabu, la shina lenye herufi z, m na r, ambalo maana yake ni kupuliza chombo cha namna ya mwanzi. Kutoka shina hilo hilo Waarabu wana mizmar, tena wana zummara. Hapa pana jambo la kumshangaza mtu apendaye maneno. Zummara ya Misri si ndugu wa zumari yetu hata kidogo. Ni mianzi miwili membamba iliyofungwa sambamba, na kila mwanzi una ulimi mmoja uliochanwa katika mwanzi mdogo uliochomekwa juu yake. Vidole vya mpigaji huziba vitundu vya mianzi yote miwili kwa mara moja. Tena wanayo ya namna nyingine, iitwayo arghul, ambayo mwanzi mmoja ni mrefu sana na hauna vitundu, nao huvuma sauti moja tu chini ya wimbo. Vyombo hivi vya ulimi mmoja ni vya kale sana Misri. Picha za vyombo vya mianzi miwili sambamba zimechongwa katika makaburi ya zamani za mafirauni.

Basi neno ni moja kwa asili, lakini pwani yetu limeshika chombo cha ndimi mbili, na Misri limeshika chombo cha ulimi mmoja. Kwa hiyo tusitumaini kwamba jina peke yake litatuonyesha jamaa ya chombo. Hatuna budi kukitazama mahali pawili: kwanza ulimi wake, pili bomba lake. Ndivyo walivyofanya wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipoyapanga makundi ya vyombo vya muziki vya dunia nzima katika mwaka 1914. Vyombo vya ndimi mbili waliviweka fungu moja, na vya ulimi mmoja fungu la pili.

II. Ulimi

Kila sauti huanza na kitu kinachotetemeka. Katika filimbi hakuna ulimi. Pumzi yenyewe hupasuka ukingoni mwa kitundu. Katika zumari na oboi kuna ndimi mbili zinazogongana. Katika klarineti kuna ulimi mmoja tu, uliofungwa juu ya kipande cha mdomo kilicho kigumu, nao huufunika na kuufunua mwanya mwembamba mara mamia kwa sekunde moja.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto jambo hili, asihangaike kutafuta chombo cha Ulaya. Watoto wetu hukata bua la jani la mpapai, huacha upande mmoja umezibika, kisha hupasua ufa mwembamba karibu na upande ule na kupuliza. Bua hulia kwa nguvu hata wazee hukasirika. Hiyo si klarineti, lakini mtoto akiugusa ufa kwa midomo atasikia ukitetemeka, naye atafahamu mara moja ulimi ni kitu gani. Akikata bua refu atasikia sauti nzito, na akikata fupi atasikia sauti nyembamba. Hapo amekwisha kujifunza nusu ya somo letu.

Ulimi wa klarineti hukatwa katika tete kubwa ambalo wataalamu wa mimea huliita Arundo donax, na lenye sifa kuliko yote hutoka katika jimbo la Var, kusini ya Ufaransa. Ulimi hufungwa kwa kibano cha chuma. Lakini Wajeremani wengi hata leo huufunga kwa uzi, kama desturi ya zamani. Hapo zamani wapigaji wengine waliugeuza ulimi juu, ukagusa mdomo wa juu. Siku hizi hukaa chini, juu ya mdomo wa chini.

III. Bomba

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ndilo wasilolijua wengi. Bomba la zumari, na la oboi, na la saksafoni, hupanuka toka juu hata chini kama pembe ya ng'ombe. Bomba la klarineti, ukiondoa mdomo wake mpana wa chini, lina upana mmoja karibu urefu wote, kama mwanzi. Tena upande wa ulimi ni kama umezibwa. Bomba la upana mmoja lililozibwa upande mmoja lina tabia yake peke yake.

Tabia ya kwanza ni uzito wa sauti. Filimbi ya Kizungu na klarineti ya kawaida zina urefu karibu sawa, kama sentimeta 66. Lakini klarineti hushuka karibu oktava nzima chini ya filimbi. Jambo hili mwalimu aweza kulijaribu kwa vipande viwili vya mwanzi vyenye urefu mmoja: kimoja kiwe wazi pande zote mbili, na kingine kizibwe upande mmoja kwa nta. Kile kilichozibwa kitalia chini zaidi, karibu oktava moja.

Tabia ya pili ni namna ya kupanda. Sisi tuliofundishwa kuimba kwa do, re, mi tunaweza kulifahamu upesi. Mpiga zumari, au oboi, au saksafoni, akiwa amefunga vidole vyake kwa sauti ya do, kisha akaipandisha sauti pasipo kubadili vidole, atapata do ya juu. Ndiyo oktava. Lakini mpiga klarineti akifanya vivyo hivyo hatapata do ya juu. Atairuka do hiyo na kufika so iliyo juu yake. Yaani hupanda hatua 12 za ngazi badala ya 8. Kwa sababu hiyo vidole vya mpiga klarineti havifanyi kazi ileile chini na juu. Vidole vilivyompa do chini vitampa so juu. Tena, kwa kuwa nafasi ya katikati ni ndefu kuliko katika oboi, hapana budi pawe na vitundu zaidi vya kuijaza, navyo hushinda idadi ya vidole. Ndiyo maana klarineti ina funguo nyingi za chuma.

Mwalimu asiyelijua jambo hili humwambia kijana wake, "Pandisha kama ulivyofanya katika filimbi," na kijana akipanda, sauti hutoka nyingine, naye huambiwa kwamba hana sikio. Kijana ana sikio jema. Bomba lake ndilo lenye sheria nyingine.

IV. Asili yake

Klarineti tunayoijua leo si chombo cha kale sana. Kabla yake Ulaya palikuwa na chombo kidogo cha ulimi mmoja kiitwacho shalumo. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini calamus, yaani tete, ambalo mapadre wetu wanalijua. Shalumo ililia vizuri chini, lakini haikuweza kupanda. Fundi mmoja wa mji wa Nürnberg katika Ujeremani, Johann Christoph Denner, aliyezaliwa mwaka 1655 na kufa mwaka 1707, ndiye anayehesabiwa kuwa aliitengeneza upya karibu na mwaka 1700. Doppelmayr, mwandishi wa mji ule ule, alimtaja kuwa mwanzilishi wake katika kitabu chake cha mwaka 1730. Kazi kubwa katika mageuzi hayo ilikuwa kitundu kidogo chenye ufunguo, karibu na kinywa, ambacho kikifunguliwa huirusha sauti kwenda juu zile hatua 12.

Sauti hiyo ya juu ilikuwa kali na yenye kung'aa, hata Walther, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1732, aliandika kwamba kwa mbali chombo hiki husikika kama tarumbeta. Tarumbeta ya sauti ya juu iliitwa klarino. Basi chombo kipya kikaitwa klarineti, maana yake klarino ndogo. Sauti za chini zimeendelea kuitwa shalumo hata leo. Hivyo chombo kimoja kimebeba majina ya vyombo viwili, tete chini na tarumbeta juu. Na kweli atakayesikiliza vema atazisikia zote mbili.

Mwisho wa karne ile klarineti nyingi zilikuwa na funguo 5 hivi. Mwaka 1812 Iwan Müller alipeleka Paris klarineti yenye funguo 13, akasema kwamba kwa chombo hicho kimoja mtu aweza kupiga katika ngazi zote, wala hahitaji kuchukua klarineti mbili tatu. Waamuzi wa Chuo cha Muziki cha Paris walimkatalia. Walisema kwamba klarineti za kadiri mbalimbali zina tabia mbalimbali za sauti, na mtu akizifuta zote na kubakiza moja, mtunzi atapotewa na rangi nyingi. Lakini funguo za Müller zilienea hata hivyo. Kisha Hyacinthe Klosé, mwalimu katika chuo hicho hicho, pamoja na fundi Buffet, walitengeneza klarineti yenye pete za chuma zinazozunguka vitundu, wakaionyesha mwaka 1839, na mwaka 1844 wakapata hati ya kuilinda. Mpango huo huitwa mpango wa Boehm, kwa kuwa pete hizo zilifuata kazi ya Theobald Boehm katika filimbi, nao ndio unaotumika katika nchi nyingi. Wajeremani na Waaustria wameshika mpango wao wenyewe, uliokamilishwa na Oskar Oehler.

V. Ndugu mmoja mmoja

Sasa tuwatazame ndugu wa jamaa hii, toka mdogo hata mkubwa. Wote wana ulimi mmoja na bomba la upana mmoja, na vidole vyao ni karibu vilevile. Tofauti yao ni urefu. Kila mmoja ana herufi yake, ambayo nitaieleza hapa chini.

Wadogo ni klarineti ya A flati, inayotumika katika bendi za askari za nchi chache za Ulaya, kisha ya E flati na ya D. Ya D ni ya zamani: Johann Melchior Molter aliitungia nyimbo za kupigwa na mmoja mbele ya wengi katika miaka ya 1740. Ya E flati ndiyo iliyobaki katika bendi nyingi. Sauti yake ni kali, hata aweza kusikika juu ya tarumbeta. Hector Berlioz aliitumia mwaka 1830 katika sehemu ya mwisho ya Symphonie fantastique, ili wimbo wa mpenzi uliosikika mzuri hapo mwanzo usikike sasa kama dhihaka.

Wa kati ni watatu: ya C, ya B flati na ya A. Ya C imekuwa haba. Ya B flati ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi kuliko zote, na mtu asemapo klarineti tu, hiyo ndiyo anayoikusudia. Ya A ni ndefu kidogo, na sauti yake huhesabiwa kuwa laini kidogo. Kwa klarineti ya A zilitungwa kazi mbili zinazojulikana sana za Mozart: ile ya watu watano ya mwaka 1789, na ile ya mmoja mbele ya wengi ya mwaka 1791, mwaka aliokufa. Zote mbili alimtungia rafiki yake Anton Stadler wa Vienna, ambaye klarineti yake iliongezwa urefu chini ili ipate sauti nyingine nne. Chombo hicho siku hizi huitwa klarineti ya baseti. Hati ya asili ya kazi ile ya mwaka 1791 ilipotea, na iliyopigwa chapa baadaye ilikuwa imebadilishwa ili ifae klarineti ya kawaida. Katika karne ya 20 mafundi wakaanza kutengeneza tena chombo kirefu, ili watu wasikie kile ambacho Stadler alipiga.

Baada ya hao yuko pembe ya baseti, ya F, iliyotokea karibu na mwaka 1770, na mafundi Mayrhofer wa Passau hutajwa kuwa waanzilishi wake. Jina hili lataka uangalifu: chombo hiki si pembe. Ni klarineti ndefu, ambayo hapo kwanza ilipindwa kama pembe, ikapata jina kwa umbo lake. Sauti yake ni ya huzuni tulivu. Mozart aliitia mbili katika Misa ya Wafu aliyoiacha haijakwisha mwaka 1791, na katika kazi hiyo hazimo oboi wala filimbi. Kwa hiyo kuomboleza kwote kwa vyombo vya mti huongozwa na hizo pembe mbili zisizo pembe. Nduguye wa karibu ni klarineti ya alto, ya E flati, inayotumika zaidi katika bendi.

Kisha klarineti ya besi, ya B flati, iliyo oktava moja chini ya ile ya kawaida. Mdomo wake wa chini hugeuka juu, na shingo yake ya chuma hupindwa kumwelekea mpigaji. Mafundi kadhaa walijaribu kuitengeneza, lakini aliyeipa umbo jema ni Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant katika Ubelgiji, kwa hati yake ya mwaka 1838. Chini yake zimo kontra-alto na kontrabesi, ambazo bomba lake ni refu hata huwa limekunjwa.

Adolphe Sax huyo huyo alipata hati ya saksafoni mwaka 1846. Wengi huiita ndugu wa klarineti kwa sababu ina ulimi mmoja. Lakini bomba lake hupanuka, nayo hupanda oktava kama zumari. Basi kwa ulimi ni jirani ya klarineti, na kwa bomba ni jirani ya zumari. Nyumba yake ni ya tatu. Mwalimu asimpe mpiga klarineti saksafoni akitumaini kwamba vidole vitafuata vyenyewe.

VI. Herufi na maana yake

Nimefika katika kosa langu. Shule moja niliyofundisha ilipewa sanduku lenye klarineti mbili. Moja ilikuwa ndefu kidogo kuliko mwenziwe, na mimi nikadhani ni tofauti ya mafundi tu. Ilikuwa karibu na sikukuu ya kanisa. Nikawachagua vijana wawili, nikawaandikia wimbo mmoja ulio katika ngazi ya C, kama ulivyo katika kitabu cha kinanda. Kwa haraka ya sikukuu kila mmoja alijifunza peke yake nyuma ya darasa, kwa zamu, na kila mmoja aliupiga wimbo vizuri. Siku yenyewe, mbele ya watu wote, wakaanza pamoja na kinanda. Palitokea kelele ya kutisha. Watu wakaangaliana, na padre akanionyesha kwa mkono tuache. Nikaona haya sana. Kesho yake nikawaambia vijana wale kwamba wamenidharau kwa kutofanya mazoezi, nikawapa adhabu ya kulima shamba la shule.

Baada ya siku chache mzee mmoja, aliyekuwa zamani katika bendi ya askari, alinijia nyumbani. Baada ya kuamkiana akaomba kuzitazama klarineti. Akazigeuza, akanionyesha herufi zilizochorwa katika mti: moja ilikuwa B flati, ya pili A. Akaniambia, "Mwalimu, uwasamehe vijana. Walipiga ulichowaandikia. Herufi hizi ndizo zilizosema uongo, au niseme, zilisema kweli na wewe hukuzisikia."

Maana ya herufi ni hii. Mpiga klarineti akiisoma C na kufunga vidole vya C, sauti itokayo ni ile ya herufi ya chombo chake. Klarineti ya B flati hutoa B flati. Ya A hutoa A. Ya E flati hutoa E flati, iliyo juu. Basi kinanda kilipopiga C, kijana wa kwanza alitoa B flati, na wa pili A. Sauti tatu jirani zililia pamoja tangu mwanzo wa wimbo hata tulipokatazwa.

Mtu atauliza, kwa nini wasiandike kila sauti kwa jina lake? Sababu ni vidole. Zamani, funguo zilipokuwa chache, ngazi nyingi zilikuwa ngumu au haziwezekani kwa klarineti moja. Kwa hiyo mpigaji alichukua mbili au tatu, akachagua ile iliyofaa wimbo. Ili asijifunze vidole upya kwa kila moja, mtunzi alimwandikia vidole, si sauti. Desturi hiyo ilibaki, nayo ina faida kubwa: aliyejifunza ya B flati aweza kushika ya A, au ya E flati, au ya besi, na vidole vyake vikafuata vilevile.

Kwa sisi tunaotumia do, re, mi, dawa ni nyepesi, kwa kuwa do yetu huhama. Kinanda kikiwa na do katika C, mwalimu awaambie wapigaji hivi:

Klarineti ya B flati, do ni D.
Klarineti ya A, do ni E flati.
Klarineti ya E flati, do ni A.
Pembe ya baseti, ya F, do ni G.
Klarineti ya alto, ya E flati, do ni A.
Klarineti ya besi, ya B flati, do ni D.

Kinanda kikihama kwenda ngazi nyingine, do zote huhama kwa kadiri ileile. Niliwaita vijana wale, nikawaomba radhi mbele ya darasa, maana niliwaadhibu mbele ya darasa. Kisha nikawaandikia upya, mmoja katika D na mmoja katika E flati, nao wakapiga na kinanda pasipo neno.

VII. Mti wa mpingo

Tusidhani kwamba klarineti ni chombo cha Ulaya tu. Klarineti za kwanza zilitengenezwa kwa mti wa Ulaya wa rangi ya manjano uitwao boksi. Lakini tangu karne ya 19 mafundi wameupenda zaidi mti wetu, mpingo, ambao jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon. Klarineti nzuri nyingi zinazopigwa leo Paris, Vienna au New York ni za mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania, hasa kusini, na Msumbiji ya kaskazini. Ni mti ule ule wanaouchonga Wamakonde.

Hapa pia majina yamepotosha watu. Wazungu wengi huutaja mpingo kwa jina la mti mwingine mweusi, wa jamaa ya Diospyros. Na wafanya biashara ya vyombo huuita grenadila. Mti ni mmoja, majina matatu, na moja tu kati yake, letu, ndilo lisilochanganya.

Sababu ya kupendwa kwake ni uzito na ulaini wa chembe zake. Moyo wa mpingo ni mzito hata huzama majini. Una mafuta, kwa hiyo hauharibiki upesi kwa pumzi yenye maji. Tena hukubali kutobolewa vitundu vidogo na kushika skrubu za funguo pasipo kupasuka kwa urahisi. Hata hivyo sauti hutokana na umbo la bomba kuliko jamaa ya mti, na klarineti za ebonaiti na za plastiki huwafaa vema wanafunzi. Hali yetu ya hewa, yenye masika na kiangazi, hupasua mti usiotunzwa. Kwa hiyo shule isione haya kununua ya plastiki.

Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na katika gogo moja ni sehemu ndogo tu inayofaa klarineti, kwa kuwa mti huwa umepinda na una mipasuko. Kwa hofu ya kuisha kwa miti ya jamaa ya Dalbergia, mataifa yaliiweka yote chini ya masharti ya biashara ya CITES tangu Januari 2017, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikaondolewa katika masharti hayo. Huko Kilwa vijiji vimepewa misitu kuitunza na kuivuna wenyewe kwa kipimo, na mwaka 2009 baadhi ya misitu hiyo ilipata hati ya FSC ya utunzaji mwema. Mwalimu anayefundisha klarineti katika nchi hizi aweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba huenda chombo kilicho mikononi mwao kilisafiri mpaka Ulaya kama gogo, na kurudi kama sauti.

VIII. Majina yatupasayo

Nimalize kwa shauri. Neno zumari na liachiwe chombo cha pwani chenye ndimi mbili na bomba linalopanuka, kwa kuwa wenyewe wangali wanakipiga na wanakiita hivyo. Tena neno hilo limo katika tafsiri ya Maandiko, katika orodha ya vyombo ya Danieli sura ya 3, wala hapana haja ya kuwafanya wasomaji wadhani kwamba klarineti ilipigwa Babeli. Chombo cha ulimi mmoja chenye bomba la upana mmoja na kiitwe klarineti, na ndugu zake waitwe kwa kadiri na herufi zao: klarineti ndogo ya E flati, klarineti ya A, klarineti ya besi, na kadhalika. Saksafoni na ibaki saksafoni, na oboi ibaki oboi. Mwalimu apokeapo sanduku la vyombo, atazame kwanza ulimi, kisha bomba, kisha atafute herufi, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa wimbo.

Mtume Paulo, alipowafundisha Wakorintho juu ya maneno yasiyofahamika, alichukua mfano wa vitu visivyo na uhai vitoavyo sauti: kama sauti zake hazitofautishwi, hakuna ajuaye kinachopigwa. Mfano huo umo katika waraka wa kwanza, sura ya 14. Mimi nilikuwa nimeuhubiri mara nyingi kabla ya sikukuu ile, wala sikujua kwamba utanipata mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama kando ya kinanda na fimbo ya kuongozea mkononi.